Siku ya Tano, Baba Haendi Kazini

JIKONI mwa nyumba moja ya kupanga mjini Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, kulikuwa na kalenda mbili ukutani. Moja ilitoka kanisani na ilijaa tarehe za harusi, michango na ubatizo wa Wakenya wa mji huo, ambao ni wengi. Ya pili baba mwenye nyumba aliichora mwenyewe kwa rula, na kila siku ya tano aliizungushia duara jekundu. Mgeni mmoja alidhani ni siku za kumeza dawa. Jirani aliuliza kama ndizo siku za kulipa kodi.

Zilikuwa siku za Pedro.

Binti wa nyumba hiyo leo ni mama wa watoto wawili. Akiulizwa kwa nini mpaka sasa anamtaja Pedro Martínez kama mtu wa ukoo wao, haanzi na takwimu, ingawa anazo zote kichwani. Anaanza na maduara yale mekundu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo wa besiboli, jambo la kushika ni hili: mtu mmoja husimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kuurusha mpira kuelekea kwa mpigaji mwenye gongo, umbali wa mita 18 na ushee. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Kurusha namna hiyo kunaumiza bega na kiwiko, kwa hiyo mrushaji anayeanza mchezo hutupa mipira mia moja hivi, kisha hupumzishwa kwa siku nne. Ya tano anarudi. Mvua ikinyesha au bega likiuma, mahesabu yanaharibika, na ndiyo maana baba yule aliichora kalenda yake kwa penseli kwanza, wino baadaye.

Baba alitoka pande za Eldoret mwaka 1995, akamwacha mke na mtoto wa miaka sita. Usiku alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwageuza vitandani na kuwabadilisha nguo. Mchana alikaa katika kibanda cha maegesho ya magari. Alilala katikati ya kazi hizo mbili, saa nne au tano, akiwa bado na soksi miguuni. Kila mwisho wa mwezi alituma pesa nyumbani: ada za wadogo zake, dawa za wazazi, mbolea. Na kila Mmarekani aliyesikia ametoka Eldoret alimwuliza kama anakimbia. Hilo lilikuwa swali la haki, kwa sababu mbio za Marathoni za Boston, upande wa wanaume, zilishindwa na Mkenya kila mwaka tangu 1991 hadi 2000. Yeye alijibu kwamba anakimbia sana, akilifukuza basi.

Mke na binti walimfuata mwaka 1998. Pale uwanja wa ndege wa Logan binti, aliyekuwa na miaka tisa, alijificha nyuma ya koti la mama yake. Aliposukumwa mbele, alimpa baba yake mkono kama anavyompa mwalimu mkuu. Baba aliupokea mkono ule, akautikisa, wakaenda kuchukua mizigo. Miezi miwili ya kwanza walikuwa wakipishana tu mlangoni, baba anatoka, mtoto anarudi shule. Mama aliona, akanyamaza.

Pedro naye alikuwa mgeni Boston mwaka huo huo. Red Sox walimtoa Montreal mwishoni mwa 1997 na kumpa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 75, fedha ambazo hakuna mrushaji aliyekuwa amewahi kuandikiwa. Mtu aliyemleta katika nyumba ile ya Lowell alikuwa mwenzake baba wa maegesho, Mdominika aliyeishi Lawrence, mji wa jirani uliojaa watu wa Jamhuri ya Dominika. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuungaunga. Mdominika huyo alimfundisha baba mchezo wote kwa kijiti cha ufagio na visoda, maana ndivyo watoto wa kwao wanavyojifunza. Kisha akamweleza kuhusu Pedro: kijana wa Manoguayabo, nje kidogo ya Santo Domingo, aliyekuwa akimbebea mkoba kaka yake Ramón alipokwenda mazoezini kwenye kambi ya timu ya Dodgers, mwembamba, kimo chake hakifiki futi sita, na Dodgers wenyewe walimwona mdogo mno kwa kazi ya kuanza mchezo, wakamtoa kwa Montreal.

Baba alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia binti, "Mama, Jumamosi hii kuna kitu tutatazama." Akabadilishana zamu na mwenzake. Ndipo duara la kwanza likachorwa.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kwanza ya binti kuhusu mrushaji yule mkubwa haina mchezo ndani yake. Ina baba aliyeketi kwenye kochi mchana, macho wazi, hana sare ya kazi. Anakumbuka alivyonusa sabuni yake. Anakumbuka pia kwamba kila mpigaji alipokosa mara tatu, baba alimpa punje ya njugu, na njugu zikiisha ilikuwa lazima aseme kitu kwa Kiingereza. Mwaka ule Pedro alishinda michezo 19, na binti akawa anajua Kiingereza cha redio kuliko cha darasani.

Mambo ya Montreal aliyajua kwa kusimuliwa tu, na hayasemi kwa kirefu. Ila kuna mawili hayaachi. La Aprili 1994 linamchekesha hadi leo: Pedro alikuwa amewatoa wapigaji 22 mfululizo bila hata mmoja kufika kituoni, kisha mpira mmoja ukamgonga Reggie Sanders wa Cincinnati, na Sanders akamrukia kutaka kupigana, kana kwamba kuna mrushaji ambaye angejiharibia siku kama ile kwa makusudi. La pili ni la Juni 1995, kule San Diego. Alirusha duru 9 kamili, wapigaji 27, hakuna aliyefika kituoni. Lakini timu yake nayo haikuwa na alama, ikabidi waingie duru ya 10. Montreal wakapata moja, Pedro akarudi kichuguuni, na mtu wa kwanza akampiga. Walishinda 1-0, na vitabu havimhesabii mchezo kamili. Baba alipenda kisa hicho kupita kiasi. Alisema ndivyo kazi ilivyo: unamaliza zamu yako vizuri, na hakuna anayeandika.

Halafu ukaja mwaka 1999.

Aprili ile familia nzima ilipanda treni kwenda Boston. Ilikuwa sikukuu ya jimbo, Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ambayo marathoni inapita karibu kabisa na uwanja wa Fenway. Walisimama Kenmore na bendera ya Kenya, wakamwona Joseph Chebet akipita kuelekea ushindi, na baba akapiga kelele kwa Kikalenjin hadi polisi mmoja akageuka. Binti anasema siku hiyo alitambua kwamba baba yake ana sauti.

Julai ulikuja mchezo wa nyota wa ligi zote mbili, na safari hii uwanja ulikuwa Fenway. Tiketi hawakuwa na ndoto nazo. Walitazama nyumbani na Mdominika wa Lawrence, mkewe na watoto wao wanne, ugali na wali wa maharage juu ya meza moja. Kabla ya mchezo, Ted Williams, mpigaji mkubwa wa Boston aliyekuwa na miaka 80 na macho yamefifia, aliletwa kwa kigari hadi katikati ya uwanja. Wachezaji nyota walimzunguka kama watoto wa shule na hawakutaka kuondoka, ingawa walihimizwa. Kisha Pedro akapanda kichuguuni. Akamtoa Barry Larkin. Akamtoa Larry Walker. Akamtoa Sammy Sosa. Duru ya pili akaanza na Mark McGwire, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameupeleka mpira nje ya uwanja mara 70, na huyo pia akakosa mara tatu. Wanne wa kwanza, wote kwa kukosa. Kati ya wapigaji sita aliokutana nao, watano walirudi hivyo hivyo. Mdominika alikuwa analia. Baba, ambaye binti hakuwahi kumwona akimgusa mwanamume mwenzake zaidi ya kumpa mkono, alimshika bega na kuliacha mkono pale.

Takwimu za mwaka huo zinatosha zenyewe: michezo 23 ameshinda, 4 ameshindwa, wapigaji 313 wametoka kwa kukosa. Lakini binti ukimwambia achague usiku mmoja tu, hachagui ule wa nyota. Anachagua Ijumaa ya Septemba 10, New York, nyumbani kwa Yankees, timu ambayo watu wa Boston waliiogopa na kuichukia kwa kiwango ambacho mtu wa Gor Mahia na AFC Leopards angekielewa bila tafsiri. Pedro alimgonga mpigaji wa kwanza kwa bahati mbaya. Katika duru ya pili Chili Davis akaupeleka mpira nje ya uwanja. Baada ya hapo hakuna aliyefika kituoni tena, watu 22 mfululizo, na 17 kwa jumla walitoka kwa kukosa. Yankees wa mwaka ule ndio waliokuja kuwa mabingwa.

Usiku huo haukuwa na duara halali. Mwenzake baba wa kubadilishana zamu aliumwa, na baba akalazimika kwenda nyumba ya wazee. Binti alibaki na redio. Saa tatu usiku simu ikalia. Alikuwa baba, ananong'ona kutoka korido: mzee mmoja wa chumba cha mwisho, Mwairishi wa miaka tisini, hasikii vizuri na televisheni ya huko imeharibika, je, anaweza kuwasimulia? Binti alisimulia duru nne kwa simu. Alisema mpira umekwenda wapi, baba alirudia kwa sauti kubwa sikioni mwa mzee, na mzee aliuliza swali, lililorudi kwa njia ile ile. Bili ya simu iliyofuata ilimkasirisha mama kwa wiki mbili. Binti alikuwa na miaka kumi. Anasema hajawahi kuwa na kazi nzuri kuliko ile.

Wengine wangetaka Oktoba ya mwaka ule, Cleveland, alipoingia mchezoni mgongo ukiwa umeumia, matokeo 8-8, akarusha duru sita bila mtu kumpiga hata mara moja na Boston wakashinda 12-8. Wengine wangetaka 2000, mwaka ambao wanahesabu wanauona bora zaidi: wastani wake wa alama alizoachia kwa mchezo mzima ulikuwa 1.74, aliyemfuata katika ligi yake akiwa na 3.70, na ligi nzima ikikaribia 5. Ni kama mtihani ambao wa kwanza amepata 95 na wa pili 60. Binti anayakubali yote hayo, na anapita.

Anachokaa nacho ni Alhamisi, Oktoba 16, 2003.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa mchezo wa saba na wa mwisho, New York tena, mshindi aende fainali. Boston walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1918; wazee walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakazikwa bila kuuona. Baba alikuwa nyumbani, akisubiri zamu ya usiku wa manane. Miezi ile alikuwa ameongeza siku za maegesho, kwa sababu mdogo wake kule Eldoret alikuwa ameingia chuo cha ualimu na ada ilikuwa juu. Alikuwa amekonda. Mama alimwambia mara kadhaa apunguze. Jibu lake lilikuwa moja: niko sawa.

Pedro alimaliza duru ya saba Boston wakiongoza. Alinyoosha kidole juu, wenzake wakamkumbatia, na kila aliyekuwa akitazama alijua kazi yake imekwisha. Mipira ilikuwa imefika mia, na aliyemfuatilia alifahamu kuwa baada ya hapo hupungua. Timu yake ikaongeza nyingine, 5-2. Duru ya nane ikaanza, na aliyetoka kwenda kichuguuni alikuwa Pedro tena.

Derek Jeter akampiga. Bernie Williams akampiga, 5-3. Meneja, Grady Little, akatoka, akatembea hadi kichuguuni, akamwuliza kama bado anaweza. Pedro akasema anaweza. Meneja akageuka, akarudi kuketi, na kumwacha.

"Mtoe!" binti alipiga kelele. "Kwa nini anamwuliza? Amtoe tu!"

Baba hakupandisha sauti. "Mama," alisema, "mtu aliyezoea kubeba ukimwuliza kama amechoka, atakujibu nini?"

Hideki Matsui akampiga. Jorge Posada akampiga, mpira mbovu uliodondoka katikati pasipo na mtu, na ikawa 5-5. Ndipo alipotolewa, baada ya mipira 123. Mchezo uliendelea hadi duru ya 11, Aaron Boone akaupeleka mpira nje, na Boston wakarudi nyumbani kama miaka yote. Lakini baba hakuuona mwisho. Saa tano na nusu alivaa koti, akachukua chakula chake kwenye mkebe, akaenda kazini. Meneja yule hakuongezewa mkataba.

Mama, aliyekuwa akipiga pasi kwenye kona, hakuwa shabiki. Alikuwa akiuita mchezo wa watu waliosimama. Usiku ule alisikiliza kila kitu.

Januari 2004, alfajiri ya theluji, baba alisinzia kwenye usukani akitoka zamu ya usiku. Gari liliacha njia na kugonga nguzo ya taa. Alivunjika mguu wa kulia sehemu mbili. Polisi walisema angegonga upande mwingine wa nguzo, habari ingekuwa nyingine.

Siku ya tatu, baba akiwa bado amelala na mguu umening'inizwa, mama alifua sare ya maegesho, akaipiga pasi, akaikunja, akapanda basi na kuirudisha mwenyewe. Alimweleza msimamizi kwamba mume wake hatarudi. Kisha akaenda nyumba ya wazee akaomba wamhamishie zamu ya mchana atakapopona. Alipomwambia baba, binti alikuwepo.

"Lakini mimi bado nina nguvu," baba alisema. "Ungeniuliza."

"Sikukuuliza," mama alisema, akamkatia chungwa.

Msomaji asidhani mambo yalinyooka. Mshahara mmoja ulikatika nyumba ikiwa na bili za hospitali. Mama aliongeza saa zake mwenyewe. Binti alianza kupanga bidhaa kwenye duka la jirani mwisho wa wiki. Baba mdogo alipiga simu kutoka Eldoret kuuliza ada imekwama wapi. Mama akaipokea simu hiyo na kumshauri auze ng'ombe mmoja. Alimwuza, akamaliza chuo, lakini hakupiga simu tena kwa zaidi ya mwaka. Baba alilibeba jambo hilo kimya kimya. Kuna usiku binti alimkuta jikoni na kikokotoo, taa imezimwa, akijumlisha kwa mwanga wa friji.

Lakini Oktoba 2004 ilimkuta baba nyumbani kila usiku, na fimbo yake imeegemea kochi. Maduara mekundu hayakuwa na kazi tena, kila siku ilikuwa ya tano. Boston walikutana na Yankees wale wale, wakafungwa michezo mitatu ya kwanza, wa tatu kwa 19-8. Hakuna timu ya besiboli iliyowahi kutoka shimo kama hilo. Katika mchezo wa pili, mashabiki wa New York walikuwa wamemzomea Pedro uwanja mzima wakimwuliza baba yake ni nani, kwa sababu mwezi uliotangulia alikuwa amekiri kwamba Yankees wamemshinda kama baba kwa mtoto. Baadaye, mbele ya waandishi wa habari, alisema kelele zile zilimfanya ajione mtu mkubwa: miaka kumi na mitano nyuma alikuwa ameketi chini ya mwembe hana hata senti 50 za basi. Baba aliposikia habari ya mwembe alicheka mpaka akashika mguu. Basi na nauli alizijua.

Kisha Boston wakashinda mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Baadhi ya michezo hiyo ilivuka usiku wa manane na binti alikuwa na shule asubuhi. Mama hakumtuma kitandani. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa, pasi imezimwa.

Fainali ilikuwa na St. Louis. Pedro alipewa mchezo wa tatu, Oktoba 26, na kwake ulikuwa wa kwanza wa fainali katika maisha yake yote. Kasi ya 1999 ilikuwa imeondoka. Alirusha polepole, kwa akili, akiuchelewesha mpira mkononi kwa vile vidole vyake virefu hadi mpigaji anapiga hewa. Duru saba, hakuna alama, watu 14 wa mwisho wametoka mfululizo. Boston 4-1. Safari hii baada ya duru ya saba walimpumzisha. Hapo mama ndiye aliyepiga makofi.

Kesho yake, usiku wa kupatwa kwa mwezi, ubingwa ukaja, baada ya miaka 86. Na siku zilizofuata televisheni zilionyesha jambo ambalo binti hakulitarajia: watu wazima wakienda makaburini na kofia za Red Sox, bendera ndogo, na magazeti yenye kichwa cha habari kikubwa, wakiviweka juu ya makaburi ya baba zao na babu zao.

Baba alisimama mbele ya televisheni kwa muda mrefu akiwa ameshika fimbo. Babu alikuwa amefariki mwaka 1997, na baba hakuweza kwenda kumzika kwa sababu hati zake za ukaazi zilikuwa bado hazijakamilika, akitoka, asingerudi. Hilo halikuwahi kuzungumzwa mbele ya mtoto. Aliyemweleza ni mama, jioni ile.

Pedro aliondoka Boston mwezi Desemba, akaenda New York Mets kwa miaka minne. Watu walilaumu sana. Baba alisema mwacheni, ametafuta.

Mwaka 2006 hatimaye baba alikwenda Kenya. Alibeba kofia ya buluu yenye herufi B nyekundu, akaiweka kwenye kaburi la babu kwenye kona ya shamba, akakaa pale hadi jua lilipozama. Baba mdogo, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja akaketi naye bila kusema kitu. Asubuhi kofia haikuwepo. Nyanya alikuwa ameiokota, akiwa ameivaa kwenda kukamua ng'ombe, na aliivaa hivyo miaka mingine minane, jua na mvua.

Baba na binti walimfuatilia Pedro hadi mwisho wake, Mets na kisha Philadelphia, kwa uaminifu lakini bila kalenda. Waliposikia mwaka 2008 kwamba amefiwa na baba yake, ambaye naye alikuwa mrushaji ujanani, walizima redio. Julai 2015 walitazama pamoja akiingizwa katika Jumba la Heshima kule Cooperstown, siku moja na Randy Johnson, jitu la mita mbili na zaidi, huku yeye akionekana kama aliyekuja kumbebea mkoba. Alikuwa Mdominika wa pili kufika hapo. Wa kwanza, Juan Marichal, alikuwa ameingia mwaka 1983, na Pedro hakushuka jukwaani kabla ya kumwita mzee huyo wapande wote na kuishika bendera ya nchi yao, kila mmoja upande wake. Siku mbili baadaye Boston waliistaafisha jezi yake namba 45. Binti alikuwa amenunua tiketi mbili za jukwaa la nje, lisilo na paa, mahali ambapo zamani mashabiki walitundika karatasi yenye herufi K kwa kila mpigaji aliyekosa. Baba alikuja na njugu mfukoni.

Siku hizi wazazi wamerudi Eldoret. Wakenya wengine wa Lowell huwapigia wazazi wao Jumapili baada ya ibada. Binti hupiga kila siku ya tano, ikiangukia Jumanne sawa, Alhamisi sawa, na mjukuu wa kwanza ndiye anayeshika kalenda na kalamu nyekundu. Baba huanza kwa kuuliza zamu ya kurusha leo ni ya nani. Wanazungumza juu ya bega la kijana fulani, bei ya mahindi, mvua.

Hamwulizi kama yuko sawa. Mwishoni humwambia ampe mama simu, na humwuliza mama.